Barua ya wazi kwa Msajili wa Hataza na wakuu wa ARIPO: Huyo "mtu mwenye ujuzi wa kawaida" mbona hamjamwita?

Kwa Msajili wa Hataza, BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni), Dar es Salaam;
Kwa Mkurugenzi Mkuu wa ARIPO (Shirika la Kikanda la Miliki Ubunifu la Afrika), Harare;
Nakala kwa Wizara ya Kilimo, Dodoma.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni fundi wa shamba la utafiti wa mahindi, mwaka wa 22 sasa. Si daktari wa falsafa wala mwanasheria. Mahindi yakitoa maua, kazi yangu ni kuchavusha kwa mkono. Muhindi mchanga nauvika kimfuko mapema, kabla ndevu hazijachomoza. Jioni nafunika mbelewele kwa mfuko wa karatasi na kuubana kwa pini. Kesho yake umande ukishakauka, kati ya saa tatu na saa tano, naukung'uta ule mfuko, chavua inashuka kama unga wa manjano, naimwagia juu ya ndevu, nafunika tena na kuandika tarehe kwa penseli. Kwa penseli, maana wino unafutika na mvua, na tarehe ikifutika miezi minne ya kazi imeenda.

Nimejieleza hivyo ili mjue anayewaandikia ni nani, kwa sababu barua hii inamhusu mtu mmoja aliyeandikwa ndani ya sheria zenu, na kila nikimsoma naona tunafanana.

Sheria za hataza, yaani haki anayopewa mvumbuzi ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake, yetu na za wenzetu, zinadai uvumbuzi uwe mpya, uweze kutumika katika kazi, na uwe na hatua ya ubunifu. Hilo la tatu ndilo lenye ugomvi. Kama jambo lilikuwa wazi kwa mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa fani ile, siku ile maombi yalipowasilishwa, basi halina hataza. Haifai mtu apewe miaka 20 ya kuwazuia wenzake jambo ambalo fundi yeyote mzuri angelifikia kwa kufuata yaliyokwishaandikwa. Ni sharti la haki kabisa, na limejengwa juu ya mtu ambaye hajawahi kuitwa ofisini kwenu hata kunywa chai.

Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria semina ya miliki ubunifu na mbegu, katika hoteli ya mji ambao sitautaja. Mtoa mada alionyesha ukutani madai ya hataza ya jeni ya kuhimili ukame, yaani zile sentensi zinazotaja kile mwombaji anachotaka kiwe chake. Nikanyoosha mkono nikauliza: hapa kwetu nani alikaa akapima kama jambo hili lilikuwa wazi au halikuwa? Akanijibu kwa upole tu, "Hiyo imeshapita Marekani, mzee wangu." Watu wakacheka kidogo, tukatoka kwenda chai. Sambusa zilikuwa nzuri, sikatai. Swali langu nililiacha kwenye kiti, na leo nimelirudia.

Jeni ile inaitwa cspB. Inatoka kwa bakteria wa udongoni, Bacillus subtilis. Bakteria huyo akipigwa na baridi ya ghafla hutengeneza protini inayoshika RNA, yaani ile nakala ya maelekezo ambayo seli huisoma, isijikunje ikakwama. Kwamba protini hizi humlinda bakteria kwenye baridi, wanasayansi walikwisha kuliandika tangu miaka ya 1990. Monsanto, kampuni ya mbegu ya Marekani, wakaichukua jeni hiyo, wakaitia kwenye mimea, na kwa mahindi wakapata aina iliyopewa namba MON 87460, ambayo maji yakipungua haipotezi mavuno sana kama mwenzake asiye na jeni hiyo. Marekani waliiruhusu ilimwe Desemba 2011.

Huko India, Monsanto waliomba hataza ya njia ya kuzalisha mmea uliobadilishwa vinasaba kwa jeni za aina hiyo ili ustahimili joto, chumvi au ukame. Ofisi ya hataza ikakataa mwaka 2010. Wakakata rufaa, na Julai 2013 Bodi ya Rufaa ya Miliki Ubunifu, chini ya Jaji Prabha Sridevan, ikaitupa rufaa yao. Namna walivyoshindwa ndiyo inayonivutia. Bodi haikusema mimea ni kazi ya Mungu na isiguswe. Kwenye hoja ya kwamba njia ile ni ya kibiolojia tu, iliwapa haki kabisa: ilisema mkono wa binadamu upo. Waliangukia kwingine. Protini ilikuwa inajulikana. Kazi yake ilikuwa inajulikana. Kuhamishia jeni ya bakteria kwenye mmea kulikuwa kunajulikana. Bodi ikaona kwamba mjuzi wa fani, akiwa na maandiko hayo mezani, angelifikia jambo lile bila kuruka ukuta wowote, na kwamba kugundua kitu kinachojulikana kina sifa nyingine si uvumbuzi chini ya sheria yao.

Marekani, kwa uvumbuzi huohuo, hataza zilitoka. Jeni moja, maandiko yaleyale, majibu mawili. Sasa niambieni, waheshimiwa, neno "imeshapita" lina uzito gani? Imepita wapi, na ilikwama wapi? Yule mtoa mada alijua ya Marekani, ya India ama hakuyajua ama hakuona haja ya kuyataja.

Mngeniuliza mimi, ningewajibu nini? Kusema kweli ningejibu mara mbili. Kwanza ningewaambia kwamba baridi na ukame kwa mmea ni ndugu. Mkulima wa Njombe aliyekuta viazi vyake vimelegea asubuhi baada ya baridi kali anajua vinavyofanana na viazi vilivyokosa maji, kwa sababu barafu huinyang'anya seli maji yake. Kwa hiyo mtu kuwaza "hii ya baridi tuijaribu kwenye ukame" si miujiza. Lakini baada ya hapo ningesita. Binti mmoja wa maabara yetu, ambaye huwa tunakula naye ugali mchana, aliyasoma madai yale nilipompa, akayarudisha akasema: "Kujaribu kulikuwa wazi. Kufanikiwa hakukuwa wazi." Nimemfikiria sana binti huyo, maana nimeona mengi yaliyokubali kwenye kichupa yakagoma shambani.

Tofauti hiyo aliyoigusa ndiyo waliyogombania wakubwa kwenye CRISPR, ule mkasi wa kukata jeni. Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walichapisha kazi yao Juni 2012, wakionyesha mkasi ukifanya kazi ndani ya chupa ya maabara. Taasisi ya Broad ikapata hataza ya kuutumia ndani ya seli zenye kiini, za wanyama na za mimea. Chuo Kikuu cha California, cha Doudna, kikasema: baada ya kazi yetu, hilo si lilikuwa wazi? Septemba 2018 mahakama ya rufaa ya Marekani inayoshughulikia hataza ikaunga mkono Broad: kujaribu watu wangejaribu, lakini hakuna aliyekuwa na sababu ya kutosha ya kutegemea kwamba ungekubali. Mimi naona mahakama ilikuwa na hoja. Kwa hiyo msinisome kama mtu anayetaka kila maombi ya vinasaba yakataliwe. Nataka yabishaniwe, na kwenye ubishi huo awepo mtu aliyewahi kushika chavua.

Jeni ya cspB ilitufikia. Mradi wa WEMA, wa mahindi yanayostahimili ukame, ulianza mwaka 2008 ukiratibiwa na AATF, shirika la teknolojia ya kilimo la Nairobi, ukaziunganisha Kenya, Uganda, Tanzania, Msumbiji na Afrika Kusini, na Monsanto wakaitoa jeni bila kudai mrabaha, yaani malipo ya kutumia hataza, kwa ajili ya wakulima wadogo. Kwetu majaribio yalifanyika Makutupora, Dodoma, kuanzia Oktoba 2016 hadi Serikali ilipoyasimamisha Novemba 2018. Mimi niliuona uzio tu, nikipita na basi. Mambo ya usalama wa mbegu zile na sababu za kuyasimamisha siyagusi hapa, yana wenyewe. Ninachotaka mkitazame ni hilo neno "bila mrabaha". Tuliambiwa tushukuru, na kushukuru ni uungwana. Lakini huwezi kumsamehe mtu deni ambalo halipo. Kabla ya kushukuru kwa kusamehewa mrabaha, ofisi zenu zilipaswa kujua kama hapa kwetu jeni ile ingestahili hataza hata kidogo. India walifanya hesabu hiyo wenyewe. Sisi tulipokea zawadi bila kuuliza bei yake dukani.

Nitawapa kisa kingine, na hiki hunichekesha kila nikikikumbuka. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya Agracetus hataza iliyofunika soya zote zilizobadilishwa vinasaba. Si aina moja ya soya, si jeni moja: soya yoyote, jeni yoyote. Agracetus walikuwa wametumia bunduki ya chembe, inayofyatua vipunje vya dhahabu vilivyopakwa jeni hadi ndani ya seli za mmea, nao wakadai kila kilichoweza kutoka huko, kwa njia yoyote. Kati ya waliowasilisha pingamizi walikuwamo Monsanto. Waliandika kurasa nyingi wakieleza kwamba hataza ile haina upya, haina hatua ya ubunifu na haijaelezwa vya kutosha, ifutwe yote. Mwaka 1996 Monsanto wakainunua Agracetus. Hataza ikawa yao. Pingamizi lao likaondolewa, na kuanzia hapo wakaitetea, mpaka Mei 2007 Bodi ya Rufaa ya ofisi hiyo ilipoifuta. Ilikuwa imekaa miaka 13 hivi.

Sisemi Monsanto ni wabaya kuliko wengine, mwanasheria hulipwa kusema anachotumwa. Nasema kampuni moja, ndani ya miaka michache, iliona jambo moja kuwa halina ubunifu na kisha kuwa lina ubunifu, na kilichobadilika katikati ni hati ya umiliki. Mkiwaachia waombaji wenyewe wawaeleze kipi kiko wazi, mtapewa jibu la aliyelipa. Na mkingoja mshindani tajiri alete pingamizi kwa niaba yenu, siku moja atanunuliwa.

Na wasio na mshindani tajiri? Twende kwenye maharage ya njano, yale ambayo mama lishe yeyote wa kwetu anayapenda kwa sababu yanaiva upesi na hayamalizi mkaa. Mwaka 1994 Mmarekani mmoja, Larry Proctor, alinunua mfuko wa maharage Meksiko, akachagua ya njano, akayapanda Colorado, akachagua tena, akapanda tena. Aprili 1999 akapewa hataza ya maharage ya njano ya rangi hiyo, akayaita Enola. Akaanza kudai centi 6 kwa kila ratili iliyoingia Marekani na kuwafungulia kesi waagizaji. Wakulima wa Meksiko walikuwa wakiyala na kuyauza siku zote. Kituo cha utafiti cha CIAT cha Cali, Kolombia, ambacho hutunza mbegu za maharage za dunia nzima, kilikuwa na sampuli zaidi ya 260 za maharage ya njano kwenye hifadhi yake, na baadhi hazikuwa na tofauti ya maana na hayo ya Proctor. Desemba 2000 CIAT wakaomba hataza ichunguzwe upya. Ilikataliwa, Proctor akakata rufaa, ikakataliwa tena mwaka 2008, na Julai 2009 mahakama ya rufaa ikafunga mjadala: kuchukua maharage yanayojulikana, kuyapanda, kuchagua na kuyarudia kwa njia zinazojulikana ni jambo lililo wazi.

Maharage yale hayana uhandisi jeni wowote, ni kuchagua kwa macho na kwa mkono, kazi ambayo mimi naifanya na bibi yangu aliifanya kwenye ungo. Lakini kipimo kilikuwa kilekile. Na angalieni muda: miaka 10 kufuta kosa ambalo mkaguzi angeligundua asubuhi moja kama angepiga simu Cali. Katika miaka hiyo hataza ilikuwa hai na watu walikuwa wanadaiwa. Hataza mbaya ikishatoka, gharama ya kuiondoa inamwangukia aliyeumizwa nayo. CIAT walikuwa na wanasheria. Ushirika wa wakulima wa Kasulu au Mbozi ungewatoa wapi?

Najua mtanijibu kwamba sheria yetu ya hataza ya mwaka 1987 hairuhusu hataza kwa aina za mimea, na kwamba wagunduzi wa mbegu wana sheria yao ya mwaka 2012. Ni kweli. Mlango umefungwa. Mimi nina wasiwasi na dirisha. Hakuna mwombaji mwenye akili atakayewaandikia "naomba hataza ya aina ya mahindi". Ataomba ya jeni, ya seli yenye jeni, ya njia ya kuiingiza. Kanada nao hawatoi hataza kwa mmea mzima. Mkulima wa Saskatchewan, Percy Schmeiser, alikuta baadhi ya kanola yake, zao la mbegu za mafuta, haifi kwa Roundup, dawa ya kuua magugu, akatunza mbegu, na mwaka 1998 akapanda ekari zipatazo 1,000. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya Kanada, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ilisema hataza ya Monsanto ilikuwa ya jeni na seli, si ya mmea, lakini kwa kuwa mmea umejaa seli hizo, kuulima ni kuitumia hataza. Hakulipishwa fidia, ila kesi alishindwa. Basi ndugu zangu, msitegemee mlango. Anayepita dirishani huzuiwa na kile kipimo cha ubunifu peke yake, nacho kinategemea mnavyokipima.

Kuna kipengele kimoja ambacho wakulima wengi hawajui kipo. Chini ya Itifaki ya Harare, mkataba unaoiwezesha ARIPO kutoa hataza kwa niaba ya nchi wanachama, maombi yakishachunguzwa huko ARIPO na kuonekana yanafaa, nchi iliyotajwa kwenye maombi hupewa taarifa, nayo ina miezi sita ya kuandika kwamba hataza hiyo haitakuwa na nguvu katika eneo lake. Nchi isipoandika, hataza inaanza kufanya kazi. Ukimya ni kibali. Miezi sita ni msimu mmoja wa mahindi kuanzia kupanda mpaka kuvuna na chenji inabaki. Katika msimu mmoja sisi huku tunapanda, tunapalilia, tunachavusha maelfu ya mimea na kuandika tarehe kila mmoja. Hatushindwi kusoma madai matatu ya hataza.

Kwa hiyo, Msajili, ninachoomba kwako ni hiki: taarifa ya maombi yanayohusu mimea, jeni za mimea au njia za kuzibadili ikifika mezani kwako kutoka Harare, isilale. Itume ndani ya wiki mbili kwa vituo vya TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo), kwa SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), kwa hifadhi ya nasaba za mimea, na kwa mitandao ya wakulima. Itume na muhtasari wa Kiswahili wenye dai la kwanza lote, si kichwa cha habari tu, maana vichwa vya maombi haya huandikwa ili vichoshe. Kisha waite watu watano au sita mezani: mtaalamu wa jeni, mgunduzi wa mbegu, mkulima anayetunza mbegu, na fundi mmoja. Waulizwe swali moja: ninyi mngelifikia hili? Majibu yao yaandikwe kwenye faili, hata kama mtaamua kinyume.

Na kwa wakuu wa ARIPO: mwombaji akiwaletea orodha ya nchi zilizompa hataza, mwambieni alete pia orodha ya zilizomnyima, pamoja na hukumu zenyewe. Uamuzi wa India wa 2013 uwe kwenye kabati lenu kama ulivyo wa Munich (ofisi ya Ulaya) na wa Washington (Marekani). Na dai likisema "mmea wowote" ilhali majaribio yamefanyika kwenye mimea miwili, lipunguzwe mpaka liwe la mimea miwili. Mimi nikichavusha mistari 40 siandiki kwenye daftari kwamba nimechavusha shamba.

Kuna watakaosema haya yatawatisha wawekezaji. Wagunduzi wetu wenyewe nao wanataka ulinzi, nawafahamu, wengine ni mabosi wangu. Sasa hivi vijana wanajifunza kuhariri jeni, Kenya walikwishatoa mwongozo wao wa kazi hiyo mwaka 2022, na siku itafika kijana wa Morogoro ataleta mtama usiosumbuliwa na gugu la kiduha akakuta kila hatua aliyopita ina mwenyewe. Kipimo legevu kitamuumiza yeye kabla hakijamuumiza mgeni. Isitoshe, Tanzania kama nchi iliyo kwenye kundi la zenye maendeleo madogo imeruhusiwa na Shirika la Biashara Duniani kutolazimika na sehemu kubwa ya mkataba wa miliki ubunifu hadi tarehe 1 Julai 2034. Hatudaiwi haraka na mtu.

Mkiitisha kikao cha namna hiyo nitakuja kwa nauli yangu, na yule binti wa maabara nitakuja naye, ana hoja kuliko mimi. Ila isiwe wakati mahindi yanatoa maua. Na ikibidi iwe wakati huo, basi tuanze baada ya saa tano.

Wenu mtiifu,
Fundi wa shamba la mahindi